Vyama vya Marekani vinatukumbuka Weusi Oktoba tu, nimechoka

Wakuu habari za usiku, naandika nikiwa na hasira mtanisamehe. Mimi mtu wa Tanga, nipo Georgia huku pembeni ya Atlanta, uraia nilishapata na kura napiga. Ukijiandikisha hapa fomu inakuuliza rangi, nikatiki Mweusi, basi tangu siku hiyo simu yangu haina amani kwa meseji za kampeni.

Sasa Jumamosi moja kabla ya uchaguzi wa Novemba 2024 nipo saluni kwa mzee mmoja, Mweusi wa huku huku, ananinyoa miaka sasa. Nusu kichwa tayari nusu bado, mara wanaingia vijana na makamera na mataa, nyuma yao mgombea (chama sisemi, wote baba mmoja mama mmoja) kashaanza kucheka hata hajasalimia. Wakamwinua mteja kwenye kiti cha dirishani eti pale pana mwanga, mheshimiwa akakaa akavishwa kitambaa, mzee akaambiwa anishike mimi baadaye aje asimame na mashine IKIWA IMEZIMWA. Imezimwa wakuu! Hata unywele mmoja haujaguswa. Mzee akajaribu kuuliza mbona kituo chao cha kura kimehamishwa mbali, akapigwapigwa bega, dakika 20 hawapo. Wateja watatu walishaondoka na mimi nimebaki kama kuku aliyenyonyolewa akasahaulika.

Democratic ndo wanatuona kura za mfukoni. 2020 Biden alisema redioni kama bado unajiuliza ni yeye au Trump basi wewe sio Mweusi, baadae akajutia, mwezi uliofuata viongozi wao wa Kongresi wakapiga magoti kumkumbuka George Floyd, Mweusi aliyeuawa na polisi, na vitambaa vya kente shingoni, kente ya Ghana jamani, mtu wa Mississippi inamhusu nini? Ila muswada wa John Lewis wa kulinda haki ya kupiga kura, ambao ndo ulikuwa na maana baada ya Mahakama ya Juu kuinyofoa ile sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965, ulikwama Seneti Januari 2022 na maseneta wao wawili wenyewe waligoma kubadilisha kanuni ili upite. Halafu Oktoba 2024 wakamleta Obama Pittsburgh kuwasema wanaume Weusi kama watoto wa shule eti wanasuasua kumpigia Kamala Harris.

Na nyie wa Republican msicheke. Trump 2016 kaenda kuwauliza Weusi "mna nini cha kupoteza" akiwa kitongoji cha Michigan ambacho karibu wote Wazungu, 2024 anasema Weusi wanampenda kwa vile na yeye kashtakiwa, yaani sisi na mahakama ndo ndugu?? Mwenyekiti wao 2005 alienda mbele ya NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, akakiri walikosea kutafuta kura kwa kugawa watu kwa rangi, nikasema haya, miaka 16 mbele hapa hapa Georgia wakapitisha sheria ya uchaguzi ya SB 202, kumgawia maji mtu aliyesimama foleni ya kura kukawa kosa.

Juzi nimerudi saluni, mzee kanionyesha kipeperushi. Picha ndo ile ile, mheshimiwa kwenye kiti anacheka, mashine mkononi mwa mzee na waya unaning'inia hadi chini haujachomekwa popote. Hakuna aliyerudi wala kupiga simu.

Na hapa naandika meseji imeingia tena, "Habari Denise, utatuchangia dola 5 kabla ya saa 6 usiku?" Mimi siitwi Denise.