Tupeane uzoefu: kuku uliowaokoa wanaishije nyuma ya nyumba yako?

MamaKuku, Lanet (Nakuru)

Wapendwa, hamjambo. Majirani wamekuwa wakiniuliza hawa kuku wa kutupwa nawatunza vipi hadi wanapona. Badala ya kujibu mlango kwa mlango, nimeona tuliweke hapa kila mtu aseme lake.

Kwa asiyefahamu, kuku wa mayai wa kisasa huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20. Akifika wiki 72 au 80 mayai yanapungua, ganda linakuwa jembamba, na mwenye shamba anaona chakula kinamzidi. Kundi lote linauzwa kwa mpigo, bei ya chini, na wengi wao huishia kwenye sufuria za hoteli. Mimi huchukua wachache niwaache waishi. Najua humu kuna wenzangu wenye kuku waliookolewa kwenye mafuriko, vifaranga madume ambao hakuna aliyewataka, na walioumia njiani wakipelekwa sokoni. Karibuni wote. Ombi langu moja: habari za faida tuziache, zimejaa kila mahali. Hapa tuseme wanavyoishi.

Naanza. Kuku aliyetoka kwenye kizimba cha waya hajawahi kukanyaga udongo. Ukimshusha uani anasimama palepale ulipomweka, anaogopa hata nyasi. Kucha ni ndefu kwa sababu hakuwa na pa kuchakura, miguu haina nguvu, na ncha ya mdomo ilikatwa akiwa kifaranga, kwa hiyo punje moja moja chini hawezi kuziokota vizuri. Usimmwagie mahindi ukadhani atakula. Mpe mashi ileile ya kuku wa mayai aliyoizoea, kwenye chombo chenye kina, na mara nyingine uiloweshe kidogo.

Lakini kabla ya chakula ni maji. Huko alikotoka alikunywa kwenye vijibomba vinavyotoa tone akivigusa. Beseni la maji halijui. Mimi humshika taratibu nikamgusisha ncha ya mdomo majini, namwacha ameze, narudia. Ukifundisha mmoja au wawili, wengine watawaiga.

Kulala nako kuna kazi yake. Nakuru iko juu ya mita 1,800, na usiku wa Julai kuku asiye na manyoya anatetemeka hasa. Weka maranda makavu ya kutosha, ziba upepo upande wa chini, lakini juu acha pawe wazi. Watu huziba kila tundu kwa huruma, kisha hewa kali ya kinyesi inawachoma kuku mapafu, na hiyo ni mbaya kuliko baridi yenyewe. Fito za kulalia ziwe chini, futi moja tu kutoka ardhini. Mifupa yao huvunjika upesi.

Dada wa Maseno

MamaKuku asante sana kwa kuanzisha. Hilo la mifupa niliongezee, maana ndilo linaloniuma zaidi.

Ganda la yai moja lina kama gramu 2 za kalsiamu. Kuku wa shamba ametaga karibu mayai 300 kabla ya kukufikia. Piga hesabu: ni gramu 600 zilizopita ndani ya mwili wenye uzito wa kilo mbili hivi. Chakula kisipotosha mwili huchukua kwenye mifupa, na ndiyo maana mwingine anafika kwako akiwa analala ubavu, hasimami kabisa. Usikate tamaa naye. Mweke peke yake kwenye katoni yenye maranda, chakula na maji karibu na mdomo, na chombo cha chokaa ya kuku au maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa. Hiyo chokaa usiichanganye kwenye chakula cha wote, iweke pembeni. Anayeihitaji ataifuata mwenyewe.

La pili ni mwanga. Sisi huku Maseno mstari wa ikweta unatupitia, mchana wetu ni wa saa 12 mwaka mzima. Kule shambani wengi waliwashiwa taa hadi mchana ukafika saa 16, ili watage mfululizo. Wakija kwako taa hiyo haipo. Matokeo yake, baada ya muda mfupi wanaacha kutaga na manyoya yanaanza kuanguka, shingo inabaki wazi, mkia unapotea. Watu hukimbilia agroveti wakitafuta dawa. Si ugonjwa! Mwili umepata nafasi ya kupumzika na unavua nguo kuukuu. Manyoya mapya huchukua miezi miwili hadi mitatu kurudi, na ni protini tupu, kwa hiyo kipindi hicho waongezee lishe. Na tafadhali msiwawashie taa ili watage tena. Wameshafanya kazi hiyo.

Kijana wa Nyalenda (Kisumu)

Kwa upande wa protini sisi wa ziwani tumebarikiwa. Omena iliyokaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Mimi hununua ile ya vipande ambayo mama wa sokoni hawezi kuwauzia watu wa kula, naipepeta mchanga utoke, naisaga, nachanganya konzi moja tu kwa kundi. Ukizidisha, mayai yatanuka samaki.

Shida yangu si baridi, ni joto. Saa nane mchana wanaachama midomo na kutanua mbawa. Nimewapandia migomba kando ya banda, kivuli chake kinatosha, na maji nabadilisha mchana kwa sababu kuku hanywi maji ya moto. Wanapenda pale migomba inapomwagiwa maji ya kufulia, udongo wa baridi. Wanajilaza.

Adui wangu ni kenge. Anapanda kutoka upande wa ziwa, anaiba mayai na anaweza kubeba kuku mdogo. Waya wa kawaida wa kuku anausukuma hadi unafunguka chini. Nimechimbia waya mgumu futi moja ardhini, na mayai nayaokota mapema ili harufu isimwite.

MamaKuku

Kijana, huku Lanet ni nguchiro na mwewe. Waya wa kuchimbia chini unasaidia kwa nguchiro pia. Kwa mwewe nimefunga kamba juu ya ua zikipishana, na vichaka viwe vingi. Kuku wa kizimba hajui kutazama juu. Niliwachanganya na tetea mmoja wa kienyeji, na yeye akipiga kelele wote wanakimbilia kichakani. Ndiye mwalimu wao.

Mwendesha boda, Kondele

Mimi nabeba kuku kwenda soko la Kibuye, ni kazi yangu. Zamani huku kila mtu alifunga miguu akawaning'iniza kwenye usukani vichwa chini. Daktari mmoja wa mifugo alinieleza kwamba kuku hana ule ukuta wa misuli unaotenga kifua na tumbo kama wetu sisi. Ukimgeuza, matumbo yote yanalalia mifuko yake ya hewa na anapumua kwa shida. Tangu nielewe hivyo nabeba kwa tenga, na mteja asiyetaka tenga simbebei. Pia ni sheria: Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, ile ya kuzuia ukatili kwa wanyama, inakataza kumbeba mnyama kwa namna ya kumtesa bila sababu.

Walioumia wasionunuliwa ndio ninaorudi nao nyumbani. Mguu uliolegea kwa kufungwa kamba muda mrefu mara nyingi hurudi wenyewe: giza kidogo, katoni, maji, sukuma iliyokatwakatwa, na asisumbuliwe na wenzake. Mfupa uliovunjika mpelekee mtu anayejua kufunga.

Mama wa Ahero

Wangu ni wa mafuriko ya 2024, mto Nyando ulipotoka. Maji yalipopungua tulikuta kuku juu ya miti na mapaa, na wengine wenye kuku hao hawakurudi kuwachukua. Neno langu ni fupi: kuku aliyelowa usimfungie kwenye banda lenye maranda mabichi, kuhara damu kutawamaliza kuku wadogo wote. Banda langu sasa limeinuliwa kwenye nguzo.

Mwalimu Mstaafu (Bungoma)

Nafurahi kuwasoma. Mimi nina majogoo watupu. Kwenye viwanda vya kutotolesha, kifaranga dume wa aina ya mayai hana kazi: hatagi, na hanenepi kama wale wa nyama. Wengi huuawa siku ileile ya kutoka kwenye yai, na wengine huuzwa kwa shilingi chache. Hao ndio wangu.

Watu huniambia majogoo wengi watauana. Nimeona tofauti. Wakikua pamoja tangu uchanga na pasiwepo tetea hata mmoja karibu, wanapangana wenyewe na wanaishi kwa amani. Wanahitaji nafasi, vyombo vingi vya chakula ili mnyonge naye ale, na mahali pa kujificha. Leta tetea mmoja uone vita. Kuhusu kelele za alfajiri, niliongea na majirani mapema, na banda langu halina dirisha upande wa mashariki.

Kazi yangu kubwa, ndugu zangu, haikuwa kwa kuku. Ilikuwa kwa watu. Huku kwetu Magharibi mgeni asipochinjiwa kuku anasema hajala, na mkubwa wa boma asipowekewa firigisi anajua amedharauliwa. Shemeji anafika, anaona majogoo wamejaa uani, anauliza mbona tunakula maharagwe. Heshima hiyo siipingi, nimelelewa nayo na nimelea wanangu nayo. Kwa hiyo mgeni mheshimiwa namnunulia kuku wa kienyeji sokoni Chwele, anakula na firigisi inafika inapostahili. Lakini hawa niliowapa ahadi siwagusi, na namwambia mgeni wazi, nikimwangalia usoni. Mwanzoni walinung'unika. Siku hizi wajukuu wa shemeji yuleyule wakija likizo huwa wa kwanza kukimbilia bandani na mahindi mkononi.

Dada wa Maseno

Mwalimu, hapo umegusa mahali pake. Mama mkwe wangu alikuwa hivyohivyo. Sasa ananiuliza kwa simu yule asiye na mkia anaendeleaje.

Mhudumu wa Mifugo (Kakamega)

Niongeze upande wa afya, maana huruma bila chanjo haifiki mbali.

Kuku mgeni, hata awe mzuri kwa macho, akae mbali na kundi lako kwa wiki tatu au nne. Viatu na vyombo vyake viwe tofauti, na umhudumie yeye mwisho. Kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle, hakina dawa, kuna chanjo tu. Ile ya tone la jicho rudia kila baada ya miezi mitatu. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi sana kuliko ulio nao, kwa hiyo kubalianeni majirani mchanje siku moja na mchangie gharama. Mkifanya hivyo mnalinda mtaa mzima. Ibebeni kwenye chupa ya chai yenye barafu, na ikishachanganywa imalizwe upesi. Desemba kuku wengi wanapohamahama, ugonjwa huhama nao, chanjeni kabla.

Viroboto wale weusi wanaong'ang'ania kuzunguka macho na upanga, wapakeni mafuta mazito ya kujipaka, wanakosa hewa wanaachia. Msipake jichoni. Banda liondolewe maranda yote yachomwe. Na wawekeeni shimo la mchanga mkavu na jivu. Kuku wa kizimba huanza kujigaragaza humo bila kufundishwa na mtu.

Wasile maharagwe mabichi wala maganda na kokwa za avokado. Hizo ni sumu kwao. Na nyinyi, haswa watoto, mikono kwa sabuni kila mnapotoka bandani.

Mgeni wa Khayega

Samahani kuingilia. Nina tetea mmoja kati ya wale waliotoka shambani. Tangu juzi anasimama wima, tumbo limeshuka, anatembea kwa shida na hataki kula. Wengine wako sawa. Nimpe nini?

Mhudumu wa Mifugo (Kakamega)

Pole. Hiyo huwapata sana hawa waliotaga mno. Huenda yai limekwama, au viini vimemwagikia tumboni badala ya kupita njia yake na pameoza. Yote mawili yanafanana kwa nje. Leo jioni mkalishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, yafike tumboni, kama robo saa, kisha mkaushe vizuri na umweke mahali penye joto na giza. Yai likiwa limekwama linaweza kutoka usiku. Usilibonyeze tumbo wala usijaribu kulitoa kwa kidole, likipasukia ndani atakufa.

Dawa za antibiotiki za kubahatisha usimpe. Kama hajabadilika asubuhi, mlete hapa kwetu daktari ampime. Nitakuambia ukweli: ikiwa ni viini vilivyooza, wengi hawaponi, na kumpumzisha bila maumivu ni sehemu ya kumtunza. Ila tusifike huko kabla ya kumpima. Mlete asubuhi mapema jua halijawa kali, kwenye katoni yenye matundu na nguo kuukuu chini. Na uje na mwenzake mmoja mzima, akiwa peke yake ataogopa zaidi.

Mgeni wa Khayega

Asante sana mhudumu. Maji yako jikoni yanapata moto. Nitakuja naye kesho.