Pimbi ni ndugu wa tembo? Nani kasema?

Mzee wa Seronera: Kila nikienda mbugani madereva wa watalii ni wimbo uleule: pimbi, kale kanyama ka kilo nne kanakoota jua mwambani, eti ni ndugu wa tembo. DNA imesema! Mimi nina macho. Yule ni panya buku asiye na mkia. Mwenye hoja alete.

Binti Maabara: Macho ndiyo yaliyotupotosha. Miaka ya 80 mwanzoni protini ya lenzi ya jicho ilishawaweka pamoja pimbi, tembo na muhanga. Mwaka 1998 ukoo ukapewa jina, Afrotheria, nguva na sange wamo. Hata hayo macho yako, mfungue pimbi mdomo: meno ya mbele ya juu yanakua maisha yote, kama pembe za tembo.

Chai Rangi: Ya panya nayo yanakua maisha yote. Hapo dada umejifunga.

Binti Maabara: Haya, korodani. Za panya ziko nje. Za pimbi na tembo zimebaki tumboni, karibu na figo. Umeridhika?

Mzee wa Seronera: Mtoto wa kike anatuandikia korodani hadharani!

Binti Maabara: Shikamoo mzee. Si ulisema mwenye hoja alete?

Jiwe la Lobo: Mnaacha penye utata. Kati ya nguva na pimbi, nani yuko karibu zaidi na tembo? Matawi matatu yaliachana harakaharaka, jeni hili linasema hivi, lile vile. DNA yenyewe hapo inababaika.

Mlawi: Pimbi ndiye wibari wa Biblia. Walawi 11 inasema anacheua. Maabara inasemaje?

Chai Rangi: Hacheui. Anatafuna hewa tu, taya linakwenda huku na huku.

Mlawi: Kwa hiyo Musa mwongo? Pimbi ni wewe!

Chai Rangi: Asante, nina ndugu tani tano.

Kwanga wa Nakuru: Huku kwetu ni kwanga. Yule wa mtini anayepiga mayowe usiku ni perere. Msichanganye.

Mzee wa Seronera: Perere namjua. Babu yangu mlimani Kilimanjaro alikuwa na blanketi la ngozi zake, unalala Julai unatoka jasho.

Mlawi: Nyama yake mlikula?

Mzee wa Seronera: Tulikuwa watoto.

Jiwe la Lobo: Na nguva?

Kwanga wa Nakuru: Nguva haruhusiwi kuliwa, bro.