Kitabu kifupi cha watetezi wa haki waliosahauliwa: nikipimeje?

Msomaji: Wakuu, kitabu cha watetezi wa mwanzo wa haki za Weusi Marekani nitajuaje kama kimefanyiwa utafiti?

Mdau wa Historia: Fungua sehemu ya Elizabeth Jennings, mwalimu Mweusi aliyeshushwa kwa nguvu kwenye tramu ya farasi New York mwaka 1854, akashtaki na kushinda. Mwandishi makini atamtaja wakili wake, Chester Arthur, aliyekuja kuwa rais, na fidia ya dola 225. Akiishia kumwita "Rosa Parks wa kwanza" (Parks ni yule mama Mweusi aliyekataa kuachia kiti cha basi mwaka 1955), kiweke chini.

Mkutubi: Pia Ida B. Wells, mwandishi wa habari Mweusi. Alishtaki kampuni ya reli kwa kutolewa kwa nguvu kwenye behewa, akashinda mwaka 1884 na kupewa dola 500. Mahakama ya Juu ya Tennessee ikatengua hukumu 1887. Vitabu vifupi hukomea kwenye ushindi, na huo ni upotoshaji.

Mdau wa Historia: Kweli kabisa. Kagua na tanbihi: kumbukumbu za mahakama zipo?