Kumpeleka baba, mwalimu mstaafu wa biolojia, kwenye baa ya The Eagle mjini Cambridge: je, inafaa?

BintiMwalimu
Assalaam alaykum ndugu zangu. Baba yangu alifundisha biolojia katika shule za sekondari mkoani Tanga hadi alipostaafu, na mwezi wa Juni atakuja Uingereza kwa mara ya kwanza kututembelea mimi na watoto hapa Leicester. Nilipomuuliza angependa kuona nini, hakutaja kasri la mfalme wala uwanja wa mpira. Aliniambia kwamba anataka kuiona nyumba ile ya Cambridge ambamo mwanasayansi Francis Crick, tarehe 28 Februari 1953, aliwatangazia watu waliokuwa wakila chakula cha mchana kuwa yeye na mwenzake James Watson wameipata siri ya uhai, yaani umbo la DNA, ile kemikali inayobeba urithi ndani ya chembe za viumbe. Kila mwaka aliwasimulia wanafunzi wake habari hiyo kabla ya kuchora ubaoni ile ngazi iliyosokotwa, uzi mmoja kwa chaki nyekundu na wa pili kwa chaki ya buluu, nami nilikuwa mmoja wa wanafunzi hao.

Kinachonitatiza ni kwamba nyumba yenyewe ni baa. Baba hanywi pombe na hajawahi kukanyaga baa maishani mwake, na tutakuwa na watoto wawili, wa miaka sita na tisa. Je, mzee mwenye heshima zake anaweza kuketi pale na wajukuu wake akala bila kuona haya, au niridhike kumwonyesha jengo kwa nje? Na kwa aliyefika, je, ndani kuna cha kuona kweli, au ni jina tu?

MkaziWaCambridge
Wa alaykum salaam, dada. Mpeleke mzee bila wasiwasi. Baa za kale za huku hazifanani na zile tulizozizoea nyumbani, kwani mchana wengi huingia kula, wakiwamo wazee na familia zenye watoto wachanga, na sheria inamruhusu mtoto kuingia akiwa na mtu mzima. The Eagle imekuwa ikipokea wageni tangu karne ya 17, magari ya farasi yalikuwa yakiingia hadi ndani ya ua wake, na jengo ni mali ya Chuo cha Corpus Christi kilichopo jirani.

Ningependa ujue mapema kwamba mhudumu haji mezani kukusikiliza. Unatafuta meza kwanza, unaikariri namba yake, kisha unakwenda kaunta kuagiza na kulipa, na chakula ndicho kinacholetwa. Jambo kubwa zaidi ni chakula chenyewe. Samaki na chipsi huonekana kuwa mlo salama kwa Mwislamu, lakini katika baa nyingi za Uingereza ule uji wa unga anaochovywa samaki kabla ya kukaangwa huchanganywa na bia ili ganda lake liwe jepesi na kavu, na pai za nyama nazo mara nyingi hupikwa kwa bia. Mimi niligundua hayo baada ya kula kwa miaka miwili, na bado linaniuma. Uliza kaunta kabla ya kuagiza; hawachukii kuulizwa. Fikeni kabla ya saa sita, maana mwezi wa Juni watalii ni wengi mno.

RubaniMstaafu
Nikujibu kuhusu cha kuona. Msiketi chumba cha mbele mkadhani mmemaliza. Pitilizeni hadi chumba cha nyuma, kinachoitwa baa ya RAF, yaani jeshi la anga la Uingereza, kisha inueni macho. Dari lake, lenye rangi ya damu ya mzee, limejaa majina na namba za vikosi zilizoachwa na wanaanga wa Uingereza na Marekani wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Waliandika kwa moshi wa mishumaa na viberiti vya petroli, na wengine kwa rangi ya mdomo. Ukitazama kwa makini utaona jinsi herufi zilivyopinda na kutetemeka, kwa kuwa ni vigumu kuandika juu ya kichwa chako kwa mwali wa moto huku mkono ukichoka. Wengi wao walikuwa vijana wadogo, waliopaa kutoka viwanja kama Duxford, kusini mwa mji, na katika makaburi ya Wamarekani huko Madingley, karibu kabisa na Cambridge, wamelala wanajeshi zaidi ya 3,800. Niliketi chini ya majina yale hadi chai yangu ikapoa.

ChakiNyeupe
Mimi pia ni mwalimu, na nakuomba umweleze mzee mambo mawili kabla hajafika. Maneno ya "siri ya uhai" tunayajua kutokana na masimulizi ya Watson. Crick mwenyewe aliandika baadaye kwamba hakumbuki kuyasema. Kwamba walikula pale mara kwa mara ni kweli kabisa, kwa kuwa maabara ya Cavendish walikofanyia kazi wakati huo ilikuwa hatua chache tu kutoka hapo. La pili ni Rosalind Franklin, mwanasayansi mwanamke aliyekuwa akiichunguza DNA wakati huohuo. Picha ya mionzi ya eksirei iliyowapa Watson na Crick ushahidi muhimu ilipigwa mwaka 1952 na Raymond Gosling chini ya usimamizi wa Franklin huko King's College, London, na Watson alionyeshwa bila Franklin kujua. Franklin alifariki mwaka 1958 akiwa na miaka 37, na mwaka 1962 Tuzo ya Nobel ikaenda kwa Crick, Watson na Maurice Wilkins, aliyefanya kazi na Franklin huko King's College. Kibao cha ukutani pale The Eagle kiliwahi kuwataja Watson na Crick peke yao, hadi mtu fulani akaliongeza jina la Franklin kwa mkono wake. Nadhani alifanya haki.

IbnTanga
Dada, sikatai waliyosema wenzangu, lakini wapo wanazuoni wanaokataza hata kuketi kwenye meza inayonywewa pombe, na huenda mzee wako anafuata msimamo huo. Muulize yeye kwanza, usimwamulie. Meza za uani zipo.

BintiMwalimu
Nawashukuru sana nyote. Nimemsomea baba majibu yenu kwa simu, neno kwa neno. Amesema kwamba tutaketi uani, chakula tutakibeba kutoka nyumbani na kukila bustanini, na pale tutaagiza chai tu; kisha ataingia mara moja kusoma kibao na kulitazama dari, na ataomba dua kwa ajili ya vijana wale. Kutoka Leicester ipo treni ya moja kwa moja, kwa hiyo hatachoka.

Habari ya Franklin ilimnyamazisha kwa muda. Jina lake alikuwa akilitaja darasani, lakini hakujua kwamba picha ilionyeshwa bila yeye kuambiwa. Sasa anataka tupite pia London, kwenye mtaa wa Strand, ilipokuwa maabara yake. Je, kuna aliyefika King's College anayeweza kuniambia kama mgeni huruhusiwa kuingia, au huishia langoni?