Gumzo la Familia: Kumbukumbu ya Mzee Ifanyike Lini?

Deo: Habari za jioni wanafamilia. Naomba tuelewane mapema, kumbukumbu ya Mzee mwakani 2027 ni Ijumaa tarehe 2 Aprili, mi nishaomba likizo kazini kwahiyo kila mtu ajipange

Mama: Deo mwanangu baba yako hakufariki Ijumaa alifariki Jumatatu ya Pasaka

Deo: Mama najua ila tarehe ilikuwa 2 Aprili 2018, hata cheti cha kifo kimeandikwa hivo

Mama: Mimi cheti sikisomi. Jana yake alikula pilau ya Pasaka akasema nyama imekaza mkaicheka asubuhi hakuamka. Mimi kila Jumatatu ya Pasaka namuwashia mshumaa ndo siku yake hiyo

Da Rose: Yaani kila mwaka hili jambo jamani 😅

Da Rose: Deo kwani umesahau 2021? Ulienda mwenyewe kuandikisha nia ya Misa tarehe 2 Aprili ukarudi umenuna, katibu wa parokia kakwambia iyo ni Ijumaa Kuu na Ijumaa Kuu hakuna Misa dunia nzima. Na mwaka huu 2 Aprili ikaangukia Alhamisi Kuu, jioni ni Misa ya Karamu ya Bwana tu, ya wafu haiingii. Tarehe yako ina mkosi

Deo: Mwakani haiangukii huko, nimeangalia. Pasaka ni 28 Machi

Da Rose: Inaangukia ndani ya oktava ya Pasaka. Zile siku nane Misa ya kumbukumbu ya wafu yenyewe haifanyiki, labda nia isomwe ndani ya Misa ya siku

Shem Hamisi: Samahanini wakwe zangu naulizaga tu, hivi nyie Pasaka mnaipangaje? Mwaka huu Aprili mwakani Machi. Sie angalau tunajua mwaka ujao tunarudi nyuma siku kama 11

Da Rose: Shem ni mwezi huohuo tu. Unachukua mwezi mpevu wa kwanza kuanzia 21 Machi halafu Jumapili inayofuata ndo Pasaka. Mwakani mwezi unapevuka Jumatatu tarehe 22 basi Jumapili ni 28, kwahiyo haiwezi kuwahi kabla ya 22 Machi wala kupita 25 Aprili, inaenda mbele inarudi nyuma ila haitoki hapo katikati. Sema sisi hatupandi juu ya paa kuutafuta, umeshapigiwa hesabu kwenye majedwali miaka na miaka

Shem Hamisi: 😂😂 Kumbe nyie mna mwezi wa kwenye karatasi

Da Rose: Ndo maana padri anaweza kuitangaza tangu Epifania, Januari iyo. Ukishaijua Pasaka zingine zote zinajipanga zenyewe, Jumatano ya Majivu inayoanza Kwaresima ni siku 46 kabla, Pentekoste siku ya 50. Mwakani Majivu 10 Februari na Pentekoste 16 Mei

Neema: Ngoja ngoja 10 FEBRUARI?? Sendofu yangu nshasema tarehe 20 😭

Mama: Sendofu Kwaresima? Neema

Shem Hamisi: Na sisi tutakuwa tumefunga pia, Ramadhani inatarajiwa kama tarehe 8 ivi mwezi ukionekana. Utakula na nani mdogo wangu

Neema: Basi nimefuta. Ila kwenye ya babu mi nipo na bibi. Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka ni sikukuu za serikali, ukijumlisha na wikendi ni siku nne watu tunapanda basi tunakuja Kibosho bila kuomba ruhusa kwa bosi. Hiyo Ijumaa yako anko utakuja peke yako na likizo yako

Deo: Sawa ila tarehe ni tarehe. Mtu hazaliwi Jumatatu ya Pasaka akasherehekea kila Jumatatu ya Pasaka

Da Rose: Mbona Kanisa lenyewe linahamisha? Somo wa jumuiya yetu, yaani msimamizi wetu, ni Mama wa Kupashwa Habari, sikukuu yake kwa kawaida ni 25 Machi, miezi tisa kamili kabla ya Noeli. Mwakani imegongana na Alhamisi Kuu, imesogezwa mpaka Jumatatu 5 Aprili. 2024 vilevile ikaenda 8 Aprili. Kama Bikira Maria anapisha Pasaka wewe na cheti chako ni nani

Deo: 😂 Umenimaliza

Neema: Jamani nimechungulia kalenda huko mbele. 2029 Pasaka ni 1 Aprili kama ile ya 2018, kwahiyo Jumatatu ya Pasaka ni tarehe 2 Aprili kabisa!! Hata Majivu zote mbili ni 14 Februari. Bibi na anko wote mtakuwa sahihi siku moja

Shem Hamisi: Mashallah, miaka 11

Deo: Basi 2029 tunafanya kubwa, tunachinja na ukoo wote uje

Mama: 2029 nitakuwa na miaka 81 Deo. Wewe njoo Jumatatu hii ya mwakani

Deo: Sawa Mama. 29 Machi. Kesho nabadilisha likizo

Mama: Haya. Na aliyeondoka na shuka zangu za maua Krismasi azirudishe siku hiyo hiyo