Mishahara imepanda, kuridhika kazini kuko palepale: nikague nini?

Afisa Utumishi: Wakuu, shirika lina matawi mengi. Mishahara imeongezwa, ila dodoso la kuridhika na kazi linarudi na alama zilezile. Nianzie wapi?

Mchambuzi: Wastani wa shirika zima unaficha mengi. Uchambue kwa tawi, kada na msimamizi. Kundi lenye watu chini ya kumi usilitolee ripoti. Wakihisi watatambulika, watajaza "nimeridhika" kila mahali. Halafu kumbuka Herzberg, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza kuridhika kazini (1959): mshahara na usimamizi vikiwa vibaya huleta manung'uniko, vikirekebishwa manung'uniko hupungua, basi. Kinachoridhisha ni kazi yenyewe, kutambuliwa kwa kazi nzuri, wajibu na kupanda cheo.

Mtu wa Sheria: Kagua pia saa za ziada. Kwa Tanzania, sheria ya ajira ya 2004 inaweka ukomo wa saa 50 za ziada kwa wiki nne, malipo yake yasipungue mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Linganisha mahudhurio na orodha ya malipo.

Afisa Utumishi: Vyeo vimekwama tangu mwaka juzi.

Mchambuzi: Basi fulana na bonanza havitasaidia kitu! Tangaza vigezo vya kupanda, na kila aliyekosa apewe sababu kwa maandishi.