Kumcheka Rais ni rahisi, kumcheka MCA wa mtaani kwenu ndiyo kazi

Kidau wa Majengo
Salaam aleikum, na habari zenu nyote. Mimi nachekesha watu jukwaani hapa Mombasa, mwaka wa nne sasa. Si wa televisheni, msijitaabishe kunitafuta. Kila nikishuka jukwaani hakosekani wa kunambia, "Mwanangu, mbona siasa huzigusi? Wenzako Nairobi wanampa Rais za uso." Nyuma yake yuko wa pili: "Afadhali umeziwacha, tumechoka." Basi nawaletea nyinyi. Mchekeshaji wa nyumbani ana kazi gani na siasa za taifa?

Langu ni hili. Kumcheka Rais mbele ya watu wa Mombasa hakuna ushujaa wowote. Juni 2024, ule Mswada wa Fedha ulipokuwa moto, ule uliotaka kutia kodi ya VAT kwenye mkate, nilikuwa napanda nasema "mkate", nanyamaza, na ukumbi mzima wacheka. Neno moja tu. Hapo nimechekesha nini? Watu wamekuja wameshacheka kutoka kwao.

Sasa sikizeni. Usiku mmoja, watu arobaini na kitu, kiingilio mia tatu. Nimetoa ya Rais, wamecheka. Nimetoa ya feri ya Likoni (nasema: mwenye gari alipa, mwenye miguu apanda bure, lakini injini ikizimika katikati ya maji hata padri utamsikia anasoma Ayatul Kursiy), wamepiga meza. Nikajiona nimefika. Nikamgeukia MCA, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, nikasema, "MCA wetu alituahidi taa za mtaani, na kusema kweli amezileta. Ziko mbili, mbele ya gari lake jipya."

Kimya. Mpaka feni ikasikika. Jamaa wa safu ya tatu akaweka soda yake chini taratibu, akatoa simu, akanipiga picha. Picha moja. Natoka, yuko mlangoni, akanambia kwa upole kabisa, "Mheshimiwa akusalimia." Wiki iliyofuata mwenye ukumbi akanipigia, ati kuna ukarabati. Ukarabati huo mpaka leo sijaona hata ndoo ya rangi.

Rais hanijui. MCA ajua nyumba ya mamangu.

(Na kabla hamjauliza: naam, nikienda Nairobi naongeza lafudhi mara mbili, maana lafudhi ndiyo inayolipa nauli ya kurudi.)

Haya, semeni.

Bi Kanga
Nilikuwa nasoma vizuri mpaka kwenye hayo mabano, hapo nikaweka kikombe chini. Waongeza lafudhi? Mara mbili? Binti yangu alikwenda kwenye usaili wa kazi huko huko Nairobi. Akajibu swali la kwanza, wakaangaliana, wakamwambia hebu rudia tena, wasema kwa utamu. Akarudia. Wakamwambia tena. Kasomea uhasibu miaka minne, alitoka mle ndani hakuna aliyemuuliza hata hesabu moja. Na wewe ndiye uliyewafunza kuwa sisi tukifungua mdomo ni burudani.

Msee wa Eastlands
Mama, pole kwa huyo dada, lakini komedi ya Kenya yote ni lafudhi. Mkikuyu anachekwa L na R, Mkamba anachekwa, Mluhya anachekwa na kuku wake. Ukitoa lafudhi Wakenya watabaki wakiangaliana tu ukumbini.

Sasa wewe Kidau. Mchekeshaji Eric Omondi alienda mpaka mlango wa Bunge 2021 akidai muziki wa Kenya upewe asilimia 75 hewani, akashikwa. 2023 akarudi na vijana vifua wazi kwa sababu ya bei ya unga, akashikwa tena. Wewe umepigwa picha MOJA na mtu ana soda, umekimbia na kutuandikia falsafa.

Jirani wa Mtongwe
Mimi sina habari na lafudhi. Niulize tu: feri kuzimika katikati ya maji ndiyo mzaha?

Kidau wa Majengo
Msee wa Eastlands, nimekimbia wapi? Niko hapa hapa. Omondi akishikwa ana mawakili na ana kamera kumi zimemzunguka, hata kofia ikimwanguka taifa zima lajua. Mimi nikishikwa Majengo, wa kwanza kujua ni muuza mahamri na wa mwisho kujua ni wakili, kama yupo.

Bi Kanga, mamangu, kwa heshima. Mimi siwafunzi kitu. Wao waja wameshajua wanachotaka. Nimejaribu kupanda kule na Kiswahili changu cha kawaida, cha kusema na wewe sokoni, wakanitazama kama nasoma taarifa ya habari. Nilipovuta "yakheee" moja, makofi. Mtu ana kodi ya nyumba.

Dereva wa Kilindini
Nyote mwazunguka. Wasema siasa za taifa ziko mbali? Mimi nilikuwa na lori. Mwaka 2019 ikaja amri kutoka juu, makontena yote yapande treni ya SGR mpaka Embakasi, Nairobi. Tukawa twaandamana kila Jumatatu hapa mjini. Lori likakaa uani, kuku wakalala ndani yake, sisemi kwa mfano, kuku hasa. Hiyo haikuwa siasa ya mbali, ilikuwa uani kwangu. Na katika nyinyi wachekeshaji wote wa Mombasa sikumsikia hata mmoja akaitia jukwaani. Mwasema feri, jini, mahaba, mume mvivu. Kontena hamkuliona?

Msee wa Eastlands
Si hiyo amri Ruto aliiondoa siku ile ile aliapishwa?

Dereva wa Kilindini
Septemba 2022, naam. Lori nililiuza 2020. Mrudishie na hiyo amri.

Mwalimu wa Kisauni
Kidau ametoa hoja nzuri, lakini nusu yake haisimami. Rais hakujui wewe, sawa. Vyombo vyake je? Aprili 2025, mashindano ya maigizo ya shule, Nakuru. Wasichana wa sekondari wana mchezo wao wa kuigiza unaowasema viongozi, mpaka Mahakama Kuu imeamuru waruhusiwe. Kilichokuja ni askari na vitoa machozi. Hao ni watoto wa shule, si wachekeshaji wa kulipwa. Kwa hivyo "kumcheka mkubwa hakuna ushujaa" ni kweli mpaka siku atakaposikia. Picha uliyopigwa na kitoa machozi cha Nakuru vyatoka duka moja, tofauti ni ujazo. Nijibu hilo.

Mtanga wa Chumbageni
Jamani naingilia kutoka ng'ambo ya mpaka. Mwalimu kasema kweli. Huku kwetu 2019 mchekeshaji Idris Sultan alijibadilisha sura na Rais Magufuli kwenye picha, siku ya kuzaliwa kwa Rais, anamtakia heri, akatakiwa aende polisi. Kumtakia mtu heri!

Ila nilitaka kusema la lafudhi. Ndugu Kidau, Mzee Majuto, Mungu amrehemu, tumemzika 2018, alikuwa Mtanga kuanzia unyayo. Alikwenda Dar na Kiswahili chake cha Tanga, hakuongeza wala hakupunguza, na mpaka huko Mombasa mlikuwa mkigombania CD zake. Mwenye kipaji haongezi chumvi. Na hicho Kiswahili mnachokiita cha Mombasa, tuseme tu ukweli, kimepita Tanga kwanza.

Bi Kanga
Kimepita wapi?

Mtanga wa Chumbageni
Tanga, dada. Hata ninyi wenyewe mkitaka kusikia Kiswahili kilichotulia mnavuka mpaka wa Horohoro.

Bi Kanga
Horohoro twavuka kununua mchele. Kimvita, Kiswahili chetu cha Mombasa, kina tenzi zake, kina Muyaka bin Haji, aliwasema watawala wa Mombasa kwa mashairi karne mbili nyuma. Mambo ya Sultani wa Unguja na ukoo wa Mazrui kayatia yote, na kwa lafudhi ya Mji wa Kale, haikuongezwa. Tanga mlikuwa mwafanya nini wakati huo?

Mtanga wa Chumbageni
Tulikuwa tunawapikia hao washairi wenu wakija kupumzika.

Msee wa Eastlands
Hii imeniua 😂😂 huyo wa Tanga apewe kipaza sauti.

Dereva wa Kilindini
Bi Kanga umesema jambo bila kujua. Muyaka alisema siasa kubwa, ya masultani, na alikuwa mtu wa hapa. Basi hilo swali la mwenye mada limejibiwa tangu enzi hizo.

Bi Kanga
Bila kujua? Mimi nimefundishwa Muyaka na babangu, kila Ijumaa barazani, wewe wanambia bila kujua. Endesha lori lako.

Dereva wa Kilindini
Nimesema nimeliuza.

Msee wa Eastlands
Turudi Kenya ya leo. Mnasahau Redykyulass, wale wachekeshaji wa TV? Ile timu ilimwigiza Rais Moi akiwa bado Ikulu. KJ wao, John Kiarie, alikuwa anaongea kama Moi mpaka mtoto hajui nani ni nani. Hiyo ndio roho.

Mwalimu wa Kisauni
Aliyemwigiza Moi ni Nyambane, Walter Mong'are. KJ alikuwa na wahusika wengine. Na kama wataka mfano wa roho usimchukue KJ. Ni mbunge wa Dagoretti Kusini tangu 2017, na Juni 2024, vijana wako barabarani, alisimama Bungeni akasema picha za maandamano zimechezewa kwa kompyuta. Mtu aliyeanza kwa kuwacheka wakubwa. Bado nasubiri jibu la Nakuru, lakini.

Msee wa Eastlands
Sasa KJ ameingiaje? Mimi nilisema enzi za Moi, wewe unaniletea 2024. Kila mtu anazeeka mwalimu, hata wewe si ulikuwa kijana.

Jirani wa Mtongwe
Nimeuliza mara moja nikarukwa, nauliza tena. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu wakienda kazini asubuhi. Mjomba wangu alikuwemo. Ufuo walikuwa wauona kwa macho. Nanyi mwapiga meza.

Msee wa Eastlands
Pole sana. Walikufa kama mia nne, si ndio?

Jirani wa Mtongwe
Waliopanda ndio kama mia nne, nayo ilijengwa ya mia tatu. Waliokufa ni 272. Hesabu hiyo sisi hatuikosei.

Kidau wa Majengo
Jirani, samahani, sikukuruka kwa dharau. Nilikuwa natafuta la kusema.

Mzaha ule nilioupata si wa kutunga. Nilikuwa kwenye feri, injini ikakohoa, tukaanza kusukumwa na maji kwenda upande. Mama mmoja ubavuni mwangu ana rozari shingoni, akanishika mkono akasema, "Kijana, ile yenu ndefu waijua? Isome basi." Nikaisoma, naye akaitikia amina kila nikivuta pumzi. Tulipofika ng'ambo akacheka mpaka akakaa chini kwenye saruji. Nikaona nikilisema hilo jukwaani nasema sisi sote. Lakini sikufikiria kuwa kwenye viti kuna mtu wa 1994. Mombasa viti vyote vina mtu wa kitu fulani, na ndiyo maana nasema hapa ni pagumu kuliko Nairobi. Kule nacheka watu nisiowajua.

Jirani wa Mtongwe
Huyo mama na rozari umtie ndani. Ukianza na padri yaonekana wawacheka watu wanaozama. Ukianza na huyo mama aliyekushika mkono, ni jambo lingine. Mimi mwenyewe napanda Likoni kila siku, na kila siku nasimama karibu na koti la kuokolea. Mke wangu hulicheka hilo. Yeye ana ruhusa.

Kidau wa Majengo
Nimelichukua. Kesho naliandika upya.

Bi Kanga
Na hilo la lafudhi je?

Kidau wa Majengo
Bi Kanga, nikipata kodi ya nyumba hapa hapa Mombasa, Nairobi naipeleka lafudhi moja tu, iliyopigwa pasi.

Mtanga wa Chumbageni
Akikosa ya kwake aje achukue Tanga, hatutozi.

Mwalimu wa Kisauni
Naona Nakuru hakuna atakayenijibu, basi. Ila nimerudi juu nikasoma upya. Kidau umemtaja Rais, Msee kamtaja Ruto kwa jina, tumemtaja Moi, Magufuli, mpaka mbunge wa watu. MCA wako ndiyo mada yenyewe, na hujatwambia hata ni wa wadi gani.

Dereva wa Kilindini
Ahaa! Wadi gani?

Kidau wa Majengo
Mwalimu, mamangu bado aishi pale pale.

Msee wa Eastlands
Na show ingine ni lini? Nakuja Mombasa mwisho wa mwezi.

Kidau wa Majengo
Ijumaa ya mwisho, ukumbi mwengine. Mia tatu hiyo hiyo.

Bi Kanga
Mia tatu, na kahawa imo?